Kompyuta 22 za shule zimekataliwa na Windows 11. Je, Linux inaweza kweli kushika nafasi?

MwalimuUru (Moshi)

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Uru, ukipandisha kutoka Moshi mjini kuelekea mlimani. Nafundisha Hisabati, na chumba cha kompyuta nimekabidhiwa kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kukishika. Ndani kuna Dell OptiPlex 7010 zipatazo 22, prosesa i5 za kizazi cha tatu, RAM GB 4, diski za kuzunguka za GB 500. Wafadhili walituletea miaka sita iliyopita zikiwa zimeshafanya kazi maofisini kwao. Nazipenda hizi mashine. Kuna binti aliyeshika kipanya kwa mara ya kwanza maishani kwenye mashine namba 4, na leo anasoma uhandisi Dar es Salaam.

Windows 10 imefikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, yaani za 2017 kuja huku. Zetu ni za 2012 na TPM yake ni 1.2. Nimesoma kwamba watumiaji wa kawaida wanaweza kuongezewa mwaka mmoja wa viraka vya usalama, hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo sijui.

Kwenye kikao cha bodi mkuu wa shule aliniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, kwa hiyo tuzitupe?" Nikakosa jibu. Kununua mpya 22 haiwezekani. Paa la bweni la wasichana linavuja na hela ikipatikana itaenda huko kwanza, na mimi mwenyewe nakubali iende huko. Nimepewa hadi mwisho wa likizo nirudi na pendekezo.

Kuna kijana wetu aliyemaliza hapa, sasa yuko chuo Arusha. Alikuja kunisalimia na flashi yenye Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, ule mfumo huria wa kuendesha kompyuta (huria maana yake msimbo wake uko wazi kwa yeyote), akaiwasha kwenye mashine namba 7 kutokea kwenye flashi hiyo hiyo, bila kufuta chochote. Niliandika barua, nikafungua mtandao, nikasikiliza wimbo. Kila kitu kilikwenda. Ila usiku sikulala vizuri. Hawa watoto wakienda kutafuta kazi watakuta Windows na Word, sasa je, nitakuwa nimewafundisha kitu cha kuwaaibisha? Na mfumo usio na mwenye duka utashindanaje na kampuni kubwa kiasi kile? Nikiweka leo, mwaka kesho nikaambiwa umekufa, nitasimama wapi mbele ya bodi?

Naomba anijibu mtu aliyeutumia kwa mikono yake. Mifumo huria inaweza kushindana na ya kibiashara, au ni mambo ya vyuoni tu?

---

KijanaNgarenaro (Arusha)

Shikamoo Mwalimu. Kwa upande wangu Linux ilishashinda siku nyingi, watu hawajaambiwa tu. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, tangu Novemba 2017 zote zinaendeshwa na Linux, hakuna hata moja ya Windows. Simu za Android walizoshika machalii wote wa hapa Chuga, kiini chake ni Linux. Seva, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti unazofungua, nyingi ni Linux. Na kitu hiki kilianzishwa 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliyekuwa anajifunzia. Weka Mint, usiogope.

---

FundiMbuyuni (Moshi)

Mwalimu, pole na majukumu. Kijana wa Ngarenaro hajasema uongo, ila seva na simu ni uwanja mwingine. Wewe unauliza habari za kompyuta ya mezani, na huko, kwa hesabu za 2024 za StatCounter, wanaopima mifumo inayotumika mtandaoni, Linux ilikuwa na kama asilimia 4 tu. Hata Android haikushinda kwa kuwa ni huria. Imeshinda kwa sababu ukifungua boksi la simu dukani unaikuta ndani. Mtu hachagui mfumo, anachagua simu. Kwenye laptopu unachokikuta ndani ni Windows, na wengi hawajui kama kuna kingine.

Nina meza ya ufundi jirani na soko la Mbuyuni, huu mwaka wa 16. Mimi na Linux tulikutana kabla ya hapo, 2008, bado najifunza. Wakati ule watu wa Ubuntu, aina nyingine ya Linux, walikuwa wanatuma CD bure kwa posta popote duniani. Nilijaza fomu kwenye intaneti kafe, nikasahau. Siku moja nikaitwa posta hapa mjini, nikakabidhiwa bahasha yenye CD na vibandiko, sikudaiwa hata senti. Nilipoliona jina nilisimama. Ubuntu! Ni utu huo huo wetu, jina lililochaguliwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alipoanzisha mfumo huo 2004. Ile CD ninayo mpaka leo.

Sasa nikwambie jambo ambalo watetezi wengi wa Linux hawalisemi. Wanasema itashinda kwa sababu ni ya bure. Kwa hapa kwetu hoja hiyo haisimami. Mteja akileta laptopu anasema, "Fundi, nipigie Windows." Hasemi nimuuzie leseni. Miaka mingi nilimpigia ile iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli la leseni, na Office juu yake, elfu kumi na tano, akinywa soda hapo nje mpaka nimalize. Machoni pake Windows ni ya bure na Linux ni ya bure. Anacholipia ni mkono wa fundi. Bure ikikutana na bure, mtu anachukua ile anayoijua jirani yake.

Niliacha kukraki 2019, na sababu yake naieleza kwa uchungu. Kulikuwa na dada anaandika tasnifu ya uzamili. Nilimpigia Windows mwezi Machi. Mwezi Mei alirudi analia: faili zake zote zimebadilika majina, na kuna ujumbe unadai dola ili zifunguliwe. Nilipochunguza nikakuta virusi vimeingia kupitia ile programu ya kukraki niliyoiweka mimi, nikiwa nimezima antivirasi kwa mkono wangu ili ikubali kuingia. Tuliokoa sura mbili kati ya tano, kwa sababu alishazituma kwa msimamizi wake kwa barua pepe. Sura tatu aliziandika upya. Siku hiyo nilimwambia mke wangu kwamba kazi hii siifanyi tena hivi, hata kama wateja watahamia kwa wengine. Na kweli baadhi walihama.

Tangu hapo mteja mwenye leseni namwekea Windows yake safi. Asiye na leseni na kazi zake ni mtandao, barua, picha na muziki, namwekea Mint, namkalisha nusu saa namwonyesha. Wengi wamebaki nayo. Waliorudi kuomba Windows nawakumbuka mmoja mmoja. Kuna mchoraji wa ramani za nyumba, programu yake ya kuchorea haina toleo la Linux, na ile ya kuunganishia inayoitwa Wine haikuiweza. Huyo nilimwambia alikuwa sahihi kurudi. Kuna mzee mwenye printa ambayo haikuwa na draiva, ile programu ya kuiunganisha na mfumo, kwa Linux. Wengine wote, Mwalimu, walirudi kwa sababu ambayo haihusu mashine kabisa: walikwama jambo dogo siku ya Jumapili, wakamuuliza mtoto wa jirani, naye akasema "hii siijui." Basi. Mfumo ukaonekana mbovu.

Hapo ndipo mashindano yalipo kwa mtazamo wangu. Mfumo unaishi mahali palipo na mtu wa kuuliza. Windows ina mtu wa kuuliza kila kichochoro cha Majengo na Pasua. Linux hapa Moshi tuko wachache, tunajuana kwa majina. Ndiyo maana shule yako naiona kubwa kuliko unavyoiona wewe. Ukiwa na watoto 40 kwa mwaka wanaojua kufungua Mint, kurekebisha sauti na kuunganisha printa, huko Uru hatakosekana wa kumuuliza.

Kuhusu ajira. Mimi nilijifunza Word ya 2003. Nilijua kila kitu kilipo, menyu kwa menyu. Ikaja Office 2007, menyu zote zikaondolewa ukaletwa ule utepe wa juu. Waliokariri walipotea kabisa, na ilikuwa kampuni ile ile, programu ile ile. Aliyekuwa anajua mtindo wa aya ni nini, na fomula ya kujumlisha inasoma wapi, alihangaika siku mbili akaendelea. Mfundishe mtoto kwenye Calc, programu ya majedwali iliyo ndani ya LibreOffice (ofisi huria mfano wa Office), kwamba =SUM(B2:B20) inafanya nini, akifika kwenye Excel ataiandika hivyo hivyo herufi kwa herufi.

Kuhusu kufa. Miradi huria inakufa, sitakudanganya. CentOS 8, aina ya Linux iliyokuwa kwenye seva nyingi, ilisitishwa mwisho wa 2021, na watu waliumia. Lakini kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, wengine waliuchukua wakatoa AlmaLinux na Rocky Linux, watu wakahamisha seva zao bila kuanza upya. Programu iliyofungwa mwenyewe akiiacha, umeachwa nayo. Ndicho kilichokupata na mashine 22: hazijaharibika, uamuzi umefanyika mbali, na wewe huna sauti ndani yake. Na usidhani Linux ni vijana wa kujitolea peke yao. Kuna kampuni kama Intel, Red Hat na Google, na Microsoft yenyewe ilijiunga na Linux Foundation, taasisi inayoiunga mkono Linux, 2016.

Sasa kazi yenyewe:

Chukua Linux Mint 22, toleo la Xfce, ndilo jepesi kwa RAM GB 4. Limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na litahudumiwa hadi 2029, kwa hiyo bodi unaipa mwaka unaojulikana. Faili halifiki GB 3, unalipakua mara moja tu, usiku kwenye bando la bei nafuu, flashi moja inatosha mashine zote. Kama hela ikipatikana hata kidogo, usinunue RAM kwanza, nunua SSD, diski zisizozunguka, za GB 120. Diski za kuzunguka ndizo zinazokufanya uone mashine imezeeka. Ikiwezekana tatu tu kwa mwezi, anza na tatu.

Weka fonti za Carlito na Caladea. Hizi zimepimwa zilingane na Calibri na Cambria, hivyo barua iliyoandikwa ofisini haitaruka mistari ukiifungua. Washa Timeshift, mtoto akichafua mfumo unaurudisha jana. Na mashine moja, yenye diski kubwa, ifanye seva ya darasa. Weka Kiwix yenye Wikipedia, hata ile ya Kiswahili, na Kolibri kwa masomo na mazoezi. Watoto wanasoma bila intaneti, bila bando. Hili peke yake litamtetea Mwalimu kwenye kikao.

Usifute zote siku moja. Kabla ya lolote, jaribu printa ya shule kwenye ile flashi. Printa ikikubali, nusu ya vita imekwisha.

---

MhasibuNjiro (Arusha)

Ndugu zangu, naomba niseme upande wa pili, na nausema kwa kuwa nimeumia nao.

2018 nilikuwa mhasibu wa kampuni moja ya utalii hapa Arusha. Mkurugenzi alitoka kwenye semina na moto, akaamuru kompyuta zote tisa ziwekwe Ubuntu wikiendi hiyo hiyo. Jumatatu nafika, programu yetu ya hesabu haifunguki, kwa sababu ilitengenezwa kwa Windows tu. Programu ya kuunganisha mashine ya risiti za EFD na kompyuta, vivyo hivyo. Mwezi Julai, msimu umechanganya, wageni wanatoka Serengeti wanataka risiti, mimi naandika kwa mkono. Wakala wetu wa Ulaya alikuwa anatuma mikataba ya Word yenye masahihisho ya pembeni, na ikirudi kwake kutoka kwetu imevurugika namba za vifungu. Alituuliza kwa upole kama tumepata matatizo. Miezi saba baadaye tukarudi Windows, na gharama ya kurudi ilizidi leseni tulizokimbia.

Na si sisi tu. Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua 2003 kuhamia Linux. Kufikia 2013 walikuwa na kompyuta kama 15,000 kwenye mfumo wao walioupa jina LiMux. Halafu 2017 baraza la mji likapiga kura warudi Windows. Kama Wajerumani na wataalamu wao wamerudi, Mwalimu wa Uru peke yake atafika wapi?

Sisemi Linux ni mbaya. Ninasema anayeamua si wewe. Anaamua yule unayebadilishana naye kazi.

---

MamaSteshenari (Pasua, Moshi)

Mwalimu, mimi si mtaalamu, nina steshenari. Kutoa kopi, kuchapa, kujaza fomu za watu mtandaoni.

Kompyuta zangu ni tatu, mbili Windows na moja Linux. Ile ya Linux aliniwekea mwanangu wa mwisho kabla hajaenda jeshini kwa mujibu wa sheria, na kazi yake ni moja: flashi ya mteja lazima ipite pale kwanza. Zamani flashi moja ya mwanafunzi ilikuwa inanilaza siku nzima. Unakuta folda zote zimegeuka njia za mkato, faili hazionekani, mteja anapandisha sauti kana kwamba mimi ndiye nimezila. Sasa nikichomeka kwenye Linux naziona faili zake zote zipo, zimefichwa tu, na vile vijifaili vya ajabu navifuta kama ninavyopepeta mchele. Nimeokoa wasifu na taarifa za mafunzo kwa vitendo za watoto wa watu, hesabu yake siijui. Kuna mama mmoja aliniletea ndizi mkungu mzima kwa ajili ya picha za marehemu mumewe.

Kuchapa nachapa kwenye Windows kwa sababu printa yangu kubwa haijawahi kukubali kule. Kwa hiyo mimi nimeziweka zote mbili na zinaishi pamoja. Kaka Mhasibu amesema kweli kuhusu risiti, hata mimi ya kwangu iko Windows.

---

FundiMbuyuni (Moshi)

Mhasibu kaka, pole sana, na nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani. Kuhamisha ofisi nzima wikiendi moja, tena Julai Arusha, bila kuuliza mhasibu anatumia nini! Huyo mkurugenzi alikuwa na nia njema ila hakumuuliza mtu wa kwanza aliyepaswa kuulizwa.

Kwa Munich tuwe waangalifu. Zile mashine 15,000 zilifanya kazi ya mji kwa miaka. Waliotaka kurudi walilalamikia nyaraka na programu kutoelewana na ofisi nyingine, na waliopinga walisema ni uamuzi wa siasa. Wanabishana hadi leo. Lakini jandarmeri ya Ufaransa, polisi wale wenye mfumo wa kijeshi, walianza na ofisi huria ya OpenOffice 2005, Windows ikiwa bado ipo chini. Watu wakaizoea. Ndipo kuanzia 2008 wakabadilisha mfumo wenyewe kuwa Ubuntu, na leo wako makumi ya maelfu ya mashine, hawajarudi. Na huko huko Ujerumani, jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza 2024 kuhamisha kompyuta kama 30,000 za serikali yake, wakianza na LibreOffice. Ona wote wawili walivyotanguliza programu ambayo mtu anaishika kila siku, mfumo ukafuata.

Na mwalimu hayuko mahali pako wewe. Shule haina mashine ya risiti kwenye chumba cha kompyuta. Kazi zake nyingi siku hizi zinafunguka kwenye kivinjari, na Firefox ya Linux na ya Windows hazitofautiani.

Tena kuna hili moja, ambalo huwa linanigusa. 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima yenye menyu za Kiswahili. Hawakuomba ruhusa ya mtu. Walichukua msimbo, wakakaa, wakatafuta neno la kila kitufe. Microsoft nayo baadaye ikaleta Kiswahili chake, ni vizuri, lakini ile ya kwanza tuliifanya wenyewe kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Nikiulizwa mifumo huria inashindana kwa kitu gani, huwa nataja hicho kabla ya bei.

---

MhasibuNjiro (Arusha)

Fundi, la jandarmeri nilikuwa silijui. Nimekuelewa kuhusu kuanza na LibreOffice.

Ila Mwalimu chukua ushauri huu wa mhasibu: acha mashine mbili au tatu na Windows 10, zichomoe kwenye mtandao, watoto wa kidato cha nne waione Word na Excel yenyewe kabla hawajaondoka. Kwenye usaili huku Arusha wanakukalisha mbele ya Excel na dakika ishirini. Mtoto ajue tu sura yake, asishtuke.

---

MwalimuUru (Moshi)

Asanteni sana wote. Nimewasoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na daftari.

Mama wa Pasua, jambo lako la flashi nimelipeleka shuleni siku hiyo hiyo. Mashine namba 1, iliyo karibu na mlango, ndiyo itakuwa ya kupokelea flashi. Watoto wetu wanatoka nazo majumbani na ndizo zilizotulaza mashine tano muhula uliopita.

Leo asubuhi nilipanda na flashi ya yule kijana nikajaribu printa ya ofisi. Imekubali. Nilichomeka waya, Mint ikaitambua yenyewe, karatasi ikatoka na nembo ya shule mahali pake. Nimeibandika karatasi hiyo kwenye jalada la pendekezo kama ukurasa wa kwanza. Barua ya mkuu wa shule iliyoandikwa kwa Calibri ilikuwa imemwagikia ukurasa wa pili, nikaweka Carlito, ikarudi ukurasa mmoja.

Pendekezo nililoandika ni hili. Mashine 18 ziwekwe Mint Xfce. Moja iwe seva ya Kiwix na Kolibri. Tatu zibaki na Windows 10, zichomolewe kwenye mtandao, kwa ajili ya kidato cha nne kama Mhasibu alivyoshauri. SSD tatu kila muhula, hela itokane na ada ya kuchapa mitihani ya majaribio. Mkuu wa shule amelisoma akauliza swali moja tu: "Fundi akihama Moshi?" Nikamjibu kwamba nimechagua wanafunzi sita, watatu wasichana na watatu wavulana, ambao watakaa na fundi siku ya kuweka, na kila mmoja ataweka mashine tatu kwa mkono wake. Akatia sahihi pale pale tupeleke kwa bodi.

Bado lipo linalonisumbua na sitalificha. Kitabu tunachofundishia kina picha za Word ukurasa kwa ukurasa, na mtihani ukiuliza jina la kichupo fulani cha utepe, mtoto wangu atakuwa amekiona kwenye mashine tatu tu, kwa zamu. Naandaa karatasi ya kulinganisha, kushoto LibreOffice, kulia Word, kitufe kwa kitufe. Nimefika vitufe 34. Kama kuna mwalimu mwenzangu aliyeshaifanya kazi hii, naomba tushirikiane, nami yangu nikimaliza nitaiweka hapa aichukue yeyote.

Fundi, Jumamosi saa nne asubuhi nitakusubiri pale magari ya Uru yanapopakilia, tupande pamoja. Njoo na flashi mbili na ile CD yako ya 2008, nataka watoto waishike. Umeme ukikatika tutaendelea Jumapili baada ya ibada, mlinzi ameshakubali kutufungulia.

---

FundiMbuyuni (Moshi)

Nitakuwepo saa tatu na nusu. Waambie hao sita waje na daftari, na yule wa mashine namba 7 aanze yeye.